Nusu Inakwenda, Nusu Inabaki

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua unaisoma barua hii ukiwa umekaa kwenye kiti cha wateja, miguu juu, miwani kwenye ncha ya pua, na mashine ya kunyolea inaning'inia ukutani ikingoja upate nafasi. Basi soma taratibu. Mimi ni mzima, mafua ya kuhama yamekwisha na chakula kinapanda. Mama alinipigia simu juzi, anasema mguu umepungua kuuma, ila wewe umemkataza kupanda ngazi za duka lako na yeye amekataa kukatazwa. Mngekuwa watoto wadogo ningewatenganisha vyumba.

Wewe ningekupigia pia, lakini nakujua. Ukipokea simu unasema "ndiyo, ndiyo, nina mteja hapa," halafu unakata, na huna mteja. Barua huwezi kuikata katikati.

Duka langu limefunguliwa, Mjomba. Ni chumba kimoja kirefu na chembamba, mtu mnene akiingia lazima wengine wasimame. Ukuta nimeupaka kijani kile cha kwako. Nina viti viwili na vioo viwili, na juu ya mlango nimeandikisha KINYOZI kwa herufi kubwa. Wanaume wanafika mlangoni, wananiona mimi mwanamke na kitambaa begani, wanauliza, "Kinyozi yuko wapi?" Nawajibu, "Ametoka kidogo, wewe kaa nikuanze." Nikimaliza wanajitazama, wanageuza shingo huku na huku. Juzi mmoja akaniambia, "Huyo kinyozi akirudi, mwambie arudi alikotoka." Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia kwa sababu ya wembe.

Sasa shida yangu. Nilinunua tangi la samaki, nikaliweka kuelekea benchi la wanaosubiri, vilevile ulivyoliweka wewe. Nakumbuka maneno yako, kwamba mtu anayetazama samaki hatazami saa. Nikatia maji, nikatia samaki wadogo wenye mikia kama leso, yote kwa siku moja. Maji yalikuwa safi hata ungesoma gazeti upande wa pili. Wiki haikuisha, wakaanza kupanda juu wakihema, mdomo wazi, kisha wakalala ubavu mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikufa mbele ya mteja mwenye povu kidevuni. Jirani yangu muuza simu alikuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti ya mtaa mzima, "Samaki tu wanamfia, kichwa chako utampa?"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka nao, Mjomba, lakini nilipofunga mlango nililia. Tangi liko tupu, na kila anayeingia ananiuliza samaki wamekwenda wapi.

Naomba kipande cha sponji ya chujio lako. Ile ya kahawia, uliyonichapa nilipotaka kuifua kwa sabuni nikidhani nakusaidia. Nusu tu, au hata chini ya nusu.

Na mimi nikiwa huku, nani anakukata nywele?

Mpwa wako.


21 Februari

Kinyozi mwenzangu,

Marahaba. Rudi usome tena nilivyokuita, nimeandika kwa makusudi na kwa wino mzito. Hapa sote wazima. Mama yako alipanda ngazi jana kwa mguu mmoja na maneno elfu moja, akafika juu akasema ngazi zangu ni chafu. Nikamwambia ashuke akachukue fagio.

Nimewasomea wateja ile habari ya "mwambie arudi alikotoka." Mzee wa dobi alicheka mpaka nikamkata kidogo nyuma ya sikio. Amesamehe.

Sasa sikiliza nikugombeze. Maji safi! Nani alikuambia maji safi ni sifa? Samaki anakula, na anayekula anachafua, na uchafu wake ni sumu isiyoonekana kwa macho. Katika sponji iliyokaa muda mrefu wamo vijidudu ambavyo chakula chao ni sumu hiyohiyo. Vikiwemo, samaki anaishi. Visipokuwemo, anaogelea ndani ya uchafu wake mpaka umuue, na maji yanang'aa vilevile. Kuviotesha mwenyewe toka mwanzo huchukua wiki nyingi, na wewe hukungoja hata siku moja. Uliwahamishia wageni katika nyumba isiyo na choo, halafu unashangaa wamekimbia.

Umefanya vizuri kuomba. Sponji yangu nilipewa na mwalimu wangu wa unyozi, siku niliyofungua duka hili. Alikuja na mkasi wake mwenyewe, akaikata ya kwake mbele yangu. Tangu hapo nimebadilisha kitambo kwa kitambo, mpya ikikaa ubavuni mwa kuukuu mpaka ikomae, lakini uhai uliomo ndani haujakatika. Haijakauka hata mara moja. Siku ya harusi ya mama yako umeme ulikatika, nikaacha watu mezani nikaja dukani kupuliza hewa ndani ya tangi kwa pampu ya baiskeli, nimevaa suti. Kwenye picha za familia sipo. Mpaka leo hajanisamehe, na mpaka leo sijajuta.

Kwa hiyo utapata. Kanuni aliyonipa mwalimu wangu ndiyo ninayokupa: sponji hukatwa katikati. Nusu inakwenda, nusu inabaki. Anayetoa yote ni mpumbavu aliyevaa nguo za mkarimu. Hayo ni maneno yake, na alikuwa mkarimu sana. Ya sasa nimeishona kama kawaida yangu, uzi mweusi kichwani na uzi mwekundu mkiani, ili ijulikane upi upande wa juu.

Dereva Honi anapita huko kwako na lori lake mwanzoni mwa mwezi. Yeye ndiye atakayeileta. Wewe chemsha chai na ufunge mdomo wa jirani yako, uniachie mengine.

Nywele zangu zisikusumbue. Mafundi ni wengi.

Mwenyekiti anakusalimu. Bado ana tabia yake ileile, kiti kikizunguka tu anakuja mbele ya kioo cha tangi na lile tumbo lake la rangi ya chungwa, kama anakagua kazi. Tangu uondoke hukaa zaidi upande wa kiti chako.

Mjomba wako.


6 Machi

Mpwa,

Haya ni ya haraka, Honi yuko chini anapiga honi.

Ndoo ina maji ya tangi langu, na sponji imo ndani ya wavu wa vitunguu nilioufunga kwa kamba. Usiitoe kwenye wavu, usiikunjue, wala usiibane. Itumbukize ilivyo ndani ya chujio lako, na maji ya njiani uyamwage, usiyatie kwenye tangi. Maji ya bomba yawe yamelala wazi ndani ya ndoo tangu jana yake, dawa ile ya kuulia wadudu itoke, la sivyo itaua na hawa wetu. Samaki watie siku hiyohiyo, lakini wachache. Vijidudu bila samaki vitakufa njaa, na samaki wengi watavishinda nguvu.

Nimekuwekea ya kukutosha.

Kwenye kifuniko nimeandika USIOSHE. Hiyo si ya kwako, ni ya Honi. Alipoiona alisema ni aibu kumpelekea mtu uchafu kwenye duka jipya, akataka kuipitisha bombani. Nimemwapisha.

Mwenyekiti anakusalimu.

Mjomba.


30 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na leo ninaisema nimesimama.

Honi alifika amekumbatia ndoo kama mtu anayetoka wodi ya wazazi. Alisema kila aliposimama alifungua kifuniko ipate hewa. Kwenye kizuizi cha barabara askari alimuuliza amebeba nini, akajibu, "Ni jamaa zake kinyozi." Askari akachungulia, akaona kitu cha kahawia kwenye maji ya kahawia, akamwambia apite upesi. Alipofika kwangu aliosha mikono yake mara mbili, ndoo hakuigusa. Amekunywa chai birika zima.

Nilifanya ulivyosema, neno kwa neno. Samaki wanne tu. Siku za kwanza nilikuwa nawatazama kuliko ninavyotazama vichwa vya watu, mteja mmoja akaniuliza kama nimemsahau. Kila nilipoona mmoja amekwenda juu, niliacha mkasi nikaenda kuchungulia. Kumbe anatafuta chakula tu. Wiki ya pili ikapita, ya tatu ikapita, Mjomba, na wote wanne wako, wanakula, wanafukuzana. Wanazeeka kwangu sasa.

Jirani wa simu alikuja kutazama, mikono mfukoni. Akasema, "Wale wa kwanza ulinunua wabovu." Nikamwambia, "Hapana, wale wa kwanza walikuja peke yao. Hawa wamekuja na wazee wao." Hakuelewa, lakini alikaa. Alikaa kwenye benchi akitazama, watu wawili wakapita mbele yake kwenye foleni hata hakujua. Alipoamka nikamwambia zamu yako, akakaa kitini, akanipa kichwa. Nilimchonga pembeni mpaka nikaogopa mwenyewe nilivyo hodari.

Benchi sasa linajaa. Wanafunzi wa chuo huleta na wadogo zao. Nikifunga duka jioni huwa nasimama katikati ya chumba nikisikiliza lile chujio linavyotoa mapovu, sauti ileile ya dukani kwako, na najiona mtu mkubwa. Nasema wazi kwa sababu ni wewe: najivunia, Mjomba.

Je, nusu yako inaendeleaje? Imeshaanza kujaza pengo?

Msalimie Mwenyekiti. Mwambie huku kuna vijana wanne wanamwiga.

Mpwa wako, kinyozi.


19 Mei

Kinyozi mwenzangu,

Marahaba, na usinihesabie muda. Barua yako ilifika zamani, mikono yangu ndiyo ilikuwa na kazi.

Mama yako hajambo. Ule mguu sasa unapanda na kushuka ngazi kila siku kuliko wa kwangu, wala simkatazi tena. Mzee wa dobi amepata mjukuu. Paa la duka lilivuja kidogo, nimeliziba.

Habari zako zimenifanya nisiweze kukaa. Nimezisoma, nimezikunja, nimeziweka mfuko wa shati, na kila mteja anayeketi namwambia, "Unajua mpwa wangu ana duka? La wanaume? Benchi limejaa?" Mmoja akasema nimeshamwambia mara ya mwisho alipokuja. Nikamwambia basi sikiliza tena, habari njema haichakai. Wewe ndiye niliyekusimamisha juu ya kreti ya soda ufikie vichwa vya watu. Sasa watu wanapanga foleni kwa ajili ya mkono huo. Nikifa kesho nimelipwa.

Hapa dukani mambo ni ya kawaida. Tangi lipo mahali pake.

Nywele nimeamua kufuga. Mzee mwenye nywele huheshimiwa.

Mjomba wako.


8 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pole kwa paa. Mimi mzima, samaki wazima, na jirani wa simu amenunua tangi kubwa lenye taa za bluu. Bado hajatia samaki. Amekuja kwangu kwa unyenyekevu ambao haujazoeleka usoni mwake, akaniomba kipande cha sponji. Nimemwambia siwezi kukata kabla ya kukuuliza, maana hii ni mali ya ukoo. Nikate kiasi gani?

Jambo jingine. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umetaja mama, dobi, mjukuu wa dobi na paa. Salamu za Mwenyekiti hukuandika. Tangu nijifunze kusoma hujawahi kuniandikia hata kikaratasi cha kununua sabuni bila salamu za samaki. Na umesema tangi lipo mahali pake, kama mtu anayeulizwa habari za mgonjwa akajibu kitanda kipo.

Nimempigia mama. Nilipotaja tangi akasema, "Hayo muulize mjomba wako," kwa sauti ya mtu aliyeapishwa. Basi nakuuliza. Mwenyekiti yuko wapi?

Na wewe kufuga nywele? Wewe uliyekuwa ukisema kinyozi mwenye nywele ndefu ni mpishi mwenye njaa?

Nijibu upesi.

Mpwa wako.


14 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Hukujibu. Nimengoja, nikamwambia moyo wangu pengine barua imepotea, kisha jana chujio langu likaanza kutoa maji kwa shida. Nikajua sponji imeziba. Nikateka maji ya tangi kwenye beseni kama ulivyonifundisha, na kwa mara ya kwanza nikafungua ule wavu wa vitunguu. Ulisema nisiifungue, lakini ilibidi niibane kidogo ipumue. Ilikuwa imekunjwa mara mbili. Nikaikunjua.

Nikaona uzi mweusi. Nikageuza upande wa pili, nikaona uzi mwekundu.

Nilikaa sakafuni, Mjomba. Mteja alikuwa kitini nusu kichwa, akaniuliza kuna nini. Kichwa na mkia, vyote viko kwangu. Hukukata. Ulinitumia yote, ukaniandikia "nimekuwekea ya kukutosha," na mimi nikakuuliza nusu yako inaendeleaje kama mjinga!

Wewe uliyenifundisha. Wewe mwenye maneno ya mwalimu wako. Nani kati yetu amevaa nguo za mkarimu?

Nimekasirika, nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Ulidhani utaanza upya na maji ya ndoo na ujuzi wako, na hukumwambia mtu. Kinyozi hajinyoi, Mjomba, na akijinyoa hujikata. Msemo huu umeubandika ukutani juu ya kioo chako mwenyewe, wateja wote wanausoma isipokuwa wewe.

Nimekasirika, kisha nimejivuna vibaya sana. Nilimaliza kichwa cha yule mteja nikiwa na machozi, nikamwambia, "Unaona hii? Mjomba wangu alinipa yote." Naye hakuelewa, lakini akasema hongera.

Honi yuko hapa, anarudi kwenu leo. Nimechukua mkasi ulionipa siku ya kuondoka, nikakata katikati. Mkono haukukataa. Mkia wenye uzi mwekundu umebaki kwangu, maana mimi ndiye mdogo. Kichwa chenye uzi mweusi kinakuja kwako. Sponji imejaa uhai, imelishwa na vijana wangu wanne na wengine niliowaongeza, ina nguvu kuliko ilivyokuja. Ubavuni mwa mkia nimeweka sponji mpya inyonye. Sitapungukiwa. Nimefanya kanuni jinsi ilivyo.

Maji yako ya bomba yalaze wazi. Usiibane. Usiiache ikauke. Kama kuna samaki amebaki, mtie. Kama hakuna, nunua mmoja, vijidudu visife njaa. Unaona, nakufundisha kazi yako.

Usinirudishie. Na safari hii niandikie ukweli, hata kama ni mchungu.

Mpwa wako.


25 Agosti

Kinyozi mwenzangu,

Marahaba. Mama yako mzima, mimi mzima, dobi mzima, na mjukuu wake ameota jino. Salamu zimekwisha, sasa ukweli wako huu hapa.

Siku ile nilitoa sponji, nikaiweka juu ya meza, nikashika mkasi. Nimekata nywele za watu tangu kabla hujazaliwa, na mkono haujawahi kukataa. Siku ile ulikataa. Kwa sababu mfukoni nilikuwa na barua yako, na ndani yake neno "nililia." Nusu ingekutosha, najua. Lakini ingekuwaje isipotosha? Safari ya Honi ni ndefu, jua kali, nusu ya nusu ingefia njiani, ungetia samaki, wangekufa tena, na yule wa simu angesimama mlangoni tena. Niliona heri tangi langu life kuliko mpwa wangu achekwe mara ya pili. Nikaikunja mara mbili ili usione. Sijutii. Ningekuwa na mbili ningekupa mbili.

Nilijidanganya kwamba mimi fundi, nitayamudu. Niliweka sponji mpya, nikapunguza chakula, nikabadilisha maji. Wadogo wote walikwisha, mmoja baada ya mwingine, kama walivyokwisha wa kwako. Mwenyekiti alipoanza kuhema juu, nilimtoa nikamtia kwenye beseni la kuoshea nywele. Humo ndimo alimokaa. Kila asubuhi na kila jioni maji mapya, ndoo kwa ndoo, kutoka bomba la chini, yakiwa yamelala wazi tangu jana yake. Ulishangaa mguu wa mama yako ulivyozoea ngazi? Alikuwa anabeba ndoo nyuma yangu, akinitukana hatua kwa hatua, na nilimwapisha asikwambie. Wateja nilikuwa nawaoshea kichwa nje, bombani, kwa sababu beseni lina mwenyewe. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wakichungulia kwanza, "Leo anaendeleaje?" kisha wanakwenda kuinamisha vichwa.

Sikukuandikia salamu zake kwa sababu sikujua kama barua ikifika atakuwa bado yupo. Kudanganya kwa jina lake nilishindwa.

Honi alipiga honi toka mwanzo wa barabara. Alipanda ngazi na ndoo mikononi, ameitandikia koti lake. Kwenye kifuniko mwandiko wako: USIOSHE. Na chini yake: NA USIKATAE. Mama yako alikaa kwenye kiti cha wateja akafunika uso kwa kitambaa cha kunyolea. Mimi sikulia, nilikuwa na kazi. Baadaye nililia.

Niliona uzi mweusi, nikauona ulivyokata. Umenyooka, mpwa wangu. Hata nyuzi za sponji hazikuchanika. Nimewaonyesha wateja wote mahali pale palipokatwa kabla sijaitia kwenye chujio. Dobi akasema, "Huyu mkono wake umekupita." Nikamwambia, "Nilijua toka alipokuwa juu ya kreti."

Nikwambie kitu kimoja nilichokifikiri muda mrefu kabla ya kuandika. Mwalimu wangu alinipa nusu. Na yeye alipewa nusu na aliyemtangulia, na huyo naye vivyo hivyo. Wote walipewa, wakaenda zao, wakafungua maduka yao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudisha, mimi nikiwemo. Mwalimu alipozeeka tangi lake lilikauka, na mimi nilikuwa na yangu imejaa, wala sikuwahi kufikiri kwamba kitu hiki kinaweza kurudi. Wewe wa kwanza. Sasa mtu akikaa benchini akauliza haya maji mazuri hivi yametoka wapi, simwambii ni ya mwalimu wangu. Namwambia yametoka duka la mpwa wangu, lile la kijani, lenye KINYOZI kwa herufi kubwa. Nasema kwa sauti, na dirisha liko wazi.

Jirani yako mkatie kidogo, kutoka ile sponji mpya ikishakomaa, si kutoka kwenye mkia. Lakini mwambie aseme mbele ya watu kwamba umempa. Aliyesema kwa sauti ya mtaa mzima, na ashukuru kwa sauti hiyohiyo.

Juu ya nywele. Nilikwambia mafundi ni wengi, na ni kweli, wako watatu mtaa huu pekee. Sikwenda kwa hata mmoja. Zimefika masikioni, mama yako anasema nafanana na fagio la ngazi. Yule jirani yako aliuliza, kichwa chako utampa? Mwambie mjomba wako, kinyozi mzee, ana kichwa kimoja tu na hakuna anayempa ila wewe. Funga duka siku mbili, uje na mkasi.

Kiti chako nimekizungusha asubuhi hii kukipangusa vumbi. Kuna mtu alikuja mbele ya kioo na tumbo lake, akasimama hapo mpaka nikamaliza.

Mwenyekiti anakusalimu.

Mjomba wako.